Vidonge Sabini na Sita

Jumanne, tarehe kumi na moja Julai, saa nne na dakika kumi asubuhi, mshonaji alikuwa akipinda sketi ya shule. Mguu kwenye kanyagio, cherehani inakwenda. Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa kwenye baraza ya kibanda chao, gurudumu mapajani, anakaza spoku. Cherehani ikasimama. Akasubiri ianze tena, maana miaka kumi na tisa alikuwa amezoea kufanya kazi kwa mdundo wake. Haikuanza. Alipoingia, paji la uso la mkewe lilikuwa limelalia kitambaa, na sindano ilikuwa bado imezama kwenye upindo.

Ijumaa asubuhi Sajini alikuwa na vidonge vya marehemu mezani, kituoni, anavihesabu mara ya tatu. Alivivuta viwili viwili kwa ncha ya penseli. Sabini na sita.

Kopo liliandikwa kwa mkono wa mtu wa dirisha la dawa: vidonge tisini, kimoja kila asubuhi, tarehe nne Mei. Tisini toa sabini na sita, kumi na nne. Sajini alikuwa mtu wa darasa la saba, akihesabu huhesabu kwa vidole hadharani na hajali nani anamtazama. Asubuhi ya kwanza tano Mei, mpaka kumi na nane Mei, vidole vikaisha akaanza tena. Kuanzia Ijumaa, tarehe kumi na tisa Mei, mshonaji hakumeza kitu.

"Unaona sasa?" Kaka wa marehemu hakutaka kukaa. Alisimama na kofia mkononi kama aliyekuja kudai zamu yake. "Dawa za moyo. Dada yangu aliwekewa waya kwenye moyo, akaambiwa asikose kidonge hata siku moja. Na huyu shemeji, nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili, anamwambia, achana na hayo madawa yako. Mimi niko mlangoni, nimeshika kitasa."

"Siku gani?"

"Mwezi wa tano. Siku sikuandika, mimi si karani."

"Mnazika saa ngapi?"

"Saa tisa leo. Na yeye hatii mguu pale. Akionekana, wadogo zangu sitaweza kuwashika."

Mkuu wa kituo alichungulia kutoka ofisini kwake, kikombe mkononi. Huyu alisoma, ana vyeti viwili ukutani, na kazi yake kubwa ni kupunguza mafaili.

"Sajini, mume kamnyima mke dawa, mke kafa. Hapo unatafuta nini na penseli yako? Saa sita nataka shitaka liandikwe."

"Sawa, mkuu."

"Na ukishaandika unionyeshe kabla. Mara ya mwisho uliandika 'mshitakiwa' bila irabu."

Askari wa kaunta wakacheka. Sajini akavirudisha vidonge kwenye kopo, akakaza kifuniko, akaenda mahabusu.

Fundi baiskeli alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, viatu havina kamba, suruali haina mkanda. Vidole vyake vilikuwa bado na grisi ya Jumanne. Hakuna aliyempa sabuni, naye hakuomba.

"Ulimwambia mkeo aache dawa?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Walipiga simu hospitali. Asubuhi, saa tano hivi. Yeye ndiye aliyepokea. Akaweka simu chini akanitazama, akasema wanasema nimepona, niache vile vidonge. Akawa hataki. Anasema naogopa, ngoja nimalizie kopo. Nikamwambia, wewe mwanamke, wakubwa wamesema umepona, achana na hayo madawa yako." Alisema yote hayo kwa sauti moja, kama anayesoma namba za fremu. "Nilifurahi, afande. Vilikuwa vinamtoa damu kwenye fizi."

"Shemeji yako alikuwa mlangoni."

"Inawezekana. Yule hugonga baada ya kuingia."

"Hospitali wanasema hawakumwachisha. Wamenipa barua, ina muhuri. Daftari lao linasema alitakiwa kumeza mwaka mzima."

Fundi baiskeli akaitazama grisi yake.

"Wana daftari," akasema. "Sisi tuna kadi. Iko kwenye mkebe wa vifungo."

Mkebe ulikuwa chini ya cherehani, wa biskuti, umejaa vifungo vya rangi zote. Sajini aliingiza mkono mpaka chini akatoa kadi ngumu, saizi ya kitambulisho. Jina la marehemu, tarehe tisa Februari, namba ya utafiti, na chini kabisa stika ya njano yenye namba za kiwandani. Nyuma kulikuwa na maandishi yaliyochapwa: Njano, vidonge miezi mitatu. Kijani, vidonge miezi kumi na miwili.

Simu ya marehemu ilikuwa imechomekwa chaji ukutani. Tangu Jumanne hakuna aliyeichomoa. Sajini akarudi nyuma kwenye orodha mpaka Mei. Tarehe kumi na nane, saa tano na dakika ishirini asubuhi, namba ya hospitali, dakika moja na nusu.

Basi kwa dakika moja na nusu mtu aliambiwa amepona.

*

Chumba cha mishipa ya moyo kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya milango miwili ya kusukuma. Sista Mkuu wa chumba hicho alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, viatu vyeupe vimeisha upande mmoja. Alimkaribisha Sajini kwa sura ya mtu aliyekwisha kuambiwa aseme nini.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," Sajini akasema. "Mimi kichwa changu kigumu."

"Stenti ni kijibomba cha wavu wa waya. Kinapitishwa mshipani, kinafika pale palipoziba, kinatanuliwa, kinabaki humo kushikilia mshipa usijifunge. Waya umepakwa dawa. Dawa kazi yake ni kuzuia kovu, maana kovu likiota sana, mshipa unaziba upya."

"Hapo nimekupata."

"Lakini dawa hiyo hiyo inachelewesha mshipa kuota ngozi juu ya waya. Na waya ukikaa mtupu, damu inaweza kuushika ikaganda. Ndiyo maana ya vidonge, damu isigande mpaka waya ufunikwe. Sasa hapa tunafanya utafiti. Stenti aina mbili, kila moja na dawa yake. Njano dawa yake inakwisha upesi, tunategemea mshipa upone kwa miezi mitatu. Kijani dawa inakaa, tunatoa vidonge mwaka. Tunalinganisha kupona kwa mshipa."

"Na marehemu alipata ipi?"

"Kijani." Alijibu haraka, akafungua daftari kubwa ambalo tayari lilikuwa na kikaratasi kwenye ukurasa. "Tazama mwenyewe."

Tarehe tisa Februari. Wagonjwa wanne, kila mmoja na mstari wake, hakuna majina, namba za utafiti tu. Mstari wa kwanza, stika ya kijani. Wa pili, kijani. Wa tatu, njano. Wa nne, kijani.

Sajini akaweka kadi pembeni ya mstari wa kwanza. Namba ya utafiti ile ile. Stika ya njano.

"Kadi zinaharibika," Sista akasema. "Watu wanabandua, watoto wanachezea."

"Iliharibika ikageuka rangi?"

Sajini akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na miwani alikuwa bado hajaikubali. Stika ile ya kwanza ilikuwa nyeupe pembeni kuliko zile nyingine, na chini yake karatasi ilichubuka, kama ukutani palipotolewa tangazo. Akasoma maandishi madogo kwa sauti, pole pole, herufi kwa herufi.

"Imetengenezwa... Aprili. Mwaka huu."

Akanyanyua kichwa.

"Sista, marehemu aliwekewa Februari."

Sista akafunga daftari. Akalifungua tena. Akaukalia mkono wake mmoja kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Niliambiwa nirekebishe," akasema.

"Lini?"

"Jumanne. Alipoletwa amekwisha kukata roho. Isionekane sisi ndio tuliomwachisha vidonge."

"Na nani?"

Akatazama mlango. Sajini hakumsukuma. Aliandika: Jumanne, kaambiwa. Akalamba ncha ya penseli.

"Kama daftari limebadilishwa," akasema, "basi bado sijui ndani yake kuna rangi ipi. Nionyeshe mnavyobandika hizi stika. Siku ya kazi. Usinipe ya kwenye kitabu."

*

Kila kasha la stenti linakuja na stika zake kwenye karatasi moja. Siku ya kazi, Sista alieleza, mikono ina glavu, daktari anadai waya, mgonjwa anadai maji, na daftari liko chumba kingine. Hakuna wa kukimbia nalo. Basi miaka yote wao hubandika karatasi ya stika kifuani, kwenye ile aproni nzito ya kukinga mionzi. Mgonjwa wa kwanza juu, wa pili chini yake, wa tatu, wa nne. Kazi ikiisha, unavua aproni, unaitundika, unachukua daftari, unazihamisha kwa mpangilio.

"Wewe mwenyewe ulihamisha tarehe tisa?"

"Siku nyingine huhamisha aliyevaa mwenyewe, lakini siku ile zamu yangu iliisha saa tano usiku, nilianza alfajiri. Mwenzangu wa zamu iliyofuata alihamisha. Lakini ni kazi ya kitoto, afande. Juu mpaka chini."

"Aproni zinatundikwa wapi?"

Alimwonyesha. Nyuma ya mlango kulikuwa na chuma cha kutundikia chenye mikono sita. Minne ilikuwa imekatika. Ukutani karibu yake palipigiliwa misumari, na aproni zilitundikwa hapo kwa vitanzi vya mikanda ya chini, kwa sababu shingo zake ni pana mno, haziwezi kukaa kwenye msumari. Aproni zote zilining'inia kichwa chini, kama popo.

"Hiki chuma kimekatika lini?"

"Mwaka juzi. Nimeandika barua tano. Nakala ninazo, ukitaka nikupe."

"Wamekujibu?"

"Walijibu moja. Walisema niandike kupitia kwa mkuu wa idara."

Sajini akaomba plasta. Akakata vipande vinne, akaandika moja, mbili, tatu, nne kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la saba. Akavaa aproni. Ilimvuta mabega kama gunia la saruji. Akabandika kifuani, moja juu, nne chini. Akavua, akaitundika kwenye msumari kwa kitanzi cha chini, walivyozoea wao.

"Haya Sista. Wewe sasa ndiye yule mwenzako. Umeingia zamu, umekuta aproni hapa. Zihamishe, juu mpaka chini."

Sista alinyoosha mkono. Kipande cha juu kilikuwa na namba iliyosimama kwa kichwa. Akakibandua, akakigeuza, akakisoma.

Ilikuwa nne.

Akabandua cha pili. Tatu. Hakuendelea. Vipande viwili vilibaki kwenye aproni na vingine viwili kwenye vidole vyake, navyo vikaanza kushikana vyenyewe kwa vyenyewe.

"Wa kwanza akapewa za wa nne," Sajini akasema. "Wa pili akapewa za wa tatu. Wa tatu akapewa za wa pili. Sasa niambie, kwenye daftari, kabla hujarekebisha, wa kwanza alikuwa njano?"

"Njano, kijani, njano, kijani."

"Igeuze."

"Kijani, njano, kijani, njano." Alinong'ona. "Ndivyo tulivyoweka kweli."

Sajini aliandika mistari minne, akachora mshale kwenye wa kwanza. Halafu penseli ikasimama. Akachora mshale mwingine, kwenye wa tatu.

*

Fundi picha alikuwa chumba cha jirani, kijana mwembamba mwenye kikohozi, mbele ya kioo chenye picha nyeusi na kahawia. Kazi yake ilikuwa kupitisha uzi wa taa ndani ya mshipa wa kila mgonjwa akitimiza miezi mitatu, kupiga picha kutoka ndani, na kuhesabu.

"Hii hapa ni waya." Alionyesha vidoa vyeupe vilivyopangana duara. "Hiki kiwingu juu yake ni ngozi mpya. Kikiwepo, nahesabu umefunikwa. Kisipokuwepo, uko uchi."

"Wa kwanza wa tarehe tisa Februari?"

"Siruhusiwi kujua nani ni nani, wala rangi ipi. Ndiyo utafiti wenyewe, mzee. Nikijua rangi, jicho langu litapendelea."

"Namba yake hii hapa."

Alibonyeza. Akakohoa. "Tarehe kumi na moja Mei. Nyaya mia moja na sita. Zilizo uchi, thelathini na nane."

"Na huyu?" Sajini akaelekeza mstari wa tatu.

"Nyaya mia moja na kumi na mbili. Uchi, arobaini na moja." Akarudi kwenye picha ya kwanza. "Mbaya kuliko wa kwanza."

"Ulimwambia nani?"

"Niliandika, nikatia kwenye bahasha, nikafunga kwa lakiri. Kanuni ni hiyo. Bahasha hazifunguliwi mpaka mgonjwa wa mwisho wa utafiti apigwe picha. Bado kumi na wanane."

"Kwa hiyo wewe Mei uliona waya uko uchi."

"Niliona."

"Na wiki moja baadaye mtu akampigia simu akamwambia amepona."

"Karani alipewa orodha ya wote wa njano, akapiga, akarudisha orodha. Kwenye orodha hakuna picha, mzee. Picha ziko kwenye bahasha." Alisema hivyo bila kujitetea. Alikuwa kama mtu anayeeleza mlango uko wapi. "Kila mmoja alifanya kazi yake."

*

Profesa alikutwa koridoni, begi la safari lina magurudumu, tai imekaa sawasawa. Yeye ndiye mwenye utafiti. Alikuwa anakwenda kwenye mkutano nchi ya mbali, kuonyesha matokeo ya mwanzo: dawa ipi inaponya mshipa upesi.

"Sajini, nimesikia. Ni kosa la kibinadamu la ngazi ya chini. Tutaunda kamati."

"Mume wa marehemu yuko ndani kwa barua yako yenye muhuri."

"Nitaandika nyingine."

"Andika sasa hivi."

Aliandika, kwa kuegemea ukuta, mistari mitatu. Kalamu yake ilikuwa nzuri. Sajini akaikunja barua.

"Bado mmoja. Wa tatu wa siku ile. Ana kijani na anatembea na kadi ya njano. Ameacha vidonge tangu Mei kama mwenzake. Nataka jina."

"Majina ni siri ya utafiti. Yako kabatini."

"Ufunguo?"

Profesa aligusa mfuko wa koti, pengine bila kukusudia. "Lete amri ya mahakama. Na tafadhali, sitaki watu wapigiwe simu ovyo ovyo, wakashtuka. Watu wa moyo hawa."

"Wa kwanza alipigiwa simu, hakushtuka."

Magurudumu ya begi yakalia sakafuni mpaka kwenye milango ya kusukuma. Sajini akampigia mkuu wa kituo.

"Umepata cha kumtoa mume?" mkuu akauliza.

"Nimepata. Lakini kuna mwingine yuko hatarini. Nikamate ufunguo?"

"Umkamate Profesa? Wewe unajua yule anatibu nani? Mtoe mume, funga faili. Amri utaomba Jumatatu."

"Leo Ijumaa, mkuu."

"Najua siku, Sajini. Kalenda ninayo."

Sista alikuwa amesimama mlangoni, vipande vya plasta bado vimemganda vidoleni. Jina alisema hakumbuki. Kwa siku ile wagonjwa wanne, kwa mwaka mia tatu. Anakumbuka tu alikuwa mwanamume mnene mpole, mwoka mikate, nywele za mikononi zimeungua na joto la tanuri. Alipolazwa kitandani alimwomba radhi kwa uzito wake.

*

Saa nane na dakika ishirini mchana fundi baiskeli alirudishiwa vitu vyake kaunta: mkanda, kamba za viatu, spana namba kumi na tano. Alitia saini pale alipoonyeshwa. Sajini alimweleza kila kitu kwa mpangilio, aproni, msumari, bahasha, simu, na mtu wa tatu. Alimweleza kama alivyoandika, hakuongeza neno. Fundi baiskeli alisikiliza huku akipitisha kamba kwenye matundu ya kiatu, tundu kwa tundu.

Kaka wa marehemu, aliyekwisha kuelezwa na askari wa kaunta, aliingia. Safari hii aligonga kwanza.

"Shemeji," akasema. Kofia ikazunguka mkononi. "Twende. Tunakungoja wewe tu."

"Naja."

"Yale niliyosema..."

"Ulisikia vizuri, shemeji. Nilimwambia aache."

Alifunga kiatu cha pili, akasimama, akajaribu mkanda. Ulikuwa umemlegea tundu moja kwa siku tatu. Sajini akamsukumia sabuni, kipande kilichobaki kwenye sinki la askari. Akanawa. Grisi ilitoka vidoleni, ikabaki kwenye kucha. Alipokausha mikono kwa suruali yake, alilitazama kopo lililokuwa bado mezani, vidonge sabini na sita.

"Afande," akasema, "huyo wa mikate, nani atampigia?"